Hadhrat Labid bin Rabia r.a.: Malenga Aliyepata Kilicho Bora Kuliko Mashairi

Ndugu msomaji, mtu anapokaribia mlango wa Uislamu, nafsi yake humwuliza swali ambalo hawezi kulikwepa: nikiingia, nitaacha nini, na nitapewa nini badala yake? Mwingine huogopa kupoteza jamaa, mwingine cheo, mwingine kazi ya mikono yake aliyoizoea tangu ujana. Leo twapenda kukusimulia habari za mtu aliyekuwa na kitu ambacho Waarabu wote walikionea kijicho, naye akakiweka chini kwa hiari yake pasipo kuamrishwa na mtu. Mtu huyo ni Hadhrat Labid bin Rabia r.a., mmoja wa washairi saba mashuhuri kuliko wote wa zama za ujahiliya.

Ili upate kufahamu ukubwa wa jambo hilo, yakupasa kwanza ujue mshairi alikuwa nani kwa Waarabu wa siku zile. Walikuwa watu wa jangwani, na wachache sana miongoni mwao walijua kusoma na kuandika. Kumbukumbu za kabila, nasaba zake, vita vyake na fahari yake vyote vilikaa katika vifua vya watu, na mlinzi wa hazina hiyo alikuwa mshairi. Beti mbili za sifa ziliweza kulipandisha kabila, na beti mbili za kejeli ziliweza kuliaibisha kwa vizazi vingi. Kwa hiyo kabila lilipopata mshairi, lilifanya sherehe na majirani wakaja kulipongeza.

UJANA WAKE

Hadhrat Labid alizaliwa yapata mwaka 560 katika ukoo wa Banu Jaafar, wa kabila la Banu Amir, lililokaa katika nyanda za juu za Najd. Baba yake, Rabia, alikuwa mkarimu hata akapewa jina la sifa lenye maana ya kwamba yeye ni majira ya mvua kwa maskini. Aliuawa vitani Labid angali mtoto, naye akalelewa na ami zake, ambao walikuwa mashujaa na wakuu wa kabila.

Kisa cha kwanza kinachosimuliwa juu ya ulimi wake ni cha wakati alipokuwa kijana mdogo. Wazee wa Banu Jaafar walikwenda kumwona Nuuman, mfalme wa Hira, ambaye utawala wake ulikoma mwaka 602. Labid alichukuliwa katika safari hiyo kwa kazi ya kuchunga ngamia tu. Huko wazee wakakuta mfalme amewageuzia uso, kwa sababu rafiki wa karibu wa mfalme, Rabii bin Ziyad wa kabila la Abs, alikuwa akiwasengenya kila siku. Wakawa wanarudi kambini wamenuna. Kijana akawauliza kuna nini, wakamficha. Alipozidi kuwasihi wakamweleza, naye akawaomba wampeleke mbele ya mfalme. Walimjaribu kwanza kwa kumwambia auseme vibaya mmea mmoja mnyonge uliotambaa mbele yao, naye akausema hata wakastaajabu. Kesho yake wakamwingiza barazani. Alimkuta mfalme anakula pamoja na Rabii, akatamka beti chache za kumkashifu Rabii kwa namna ambayo mfalme aliona kinyaa kula naye sahani moja. Rabii akafukuzwa, na haja za Banu Jaafar zikatimizwa.

Tazama, ndugu msomaji, nguvu ya ulimi ule. Mtoto mchunga ngamia alimwangusha mtu mkubwa kwa maneno machache. Lakini tazama pia ilikuwa nguvu ya namna gani: nguvu ya kuaibisha. Huo ndio upanga aliokabidhiwa Labid katika ujana wake.

MASHAIRI YAKE NA CHEMCHEMI ZAKE

Katika utu uzima wake Labid alitunga mashairi mengi, nayo yamehifadhiwa katika diwani yake mpaka leo. Lililo mashuhuri zaidi ni lile linalohesabiwa miongoni mwa Muallakat, yaani kasida teule za Waarabu wa kale. Husimuliwa mara nyingi kwamba kasida hizo ziliandikwa kwa dhahabu na kutundikwa katika Al-Kaaba. Wataalamu wengi hawakubali kisa hicho, wala utukufu wa kasida hizo hauhitaji kisa hicho. Ya Labid ina beti 88 katika bahari iitwayo Kamil, zote zikiwa na kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho.

Chemchemi ya ushairi wake ilikuwa jangwa lenyewe. Kasida yake yaanza katika mahame, pale ambapo watu walipiga hema zamani wakaondoka. Mvua imepita juu ya mifereji ya maji, majani yameota, swala na mbuni wamezaa mahali palipokuwa na watu, na alama za makao zimebaki kama maandishi yaliyofifia. Kisha anamkumbuka Nawar, mwanamke aliyemwacha, na kupanda ngamia wake ili asahau. Ngamia huyo anamfananisha kwanza na punda mwitu anayekimbilia maji, halafu na choroa jike aliyempoteza ndama wake kwa mbwa mwitu. Choroa yule analala usiku kucha chini ya mti mchangani, mvua ikimnyeshea mgongoni. Kunapopambazuka anasikia sauti za wawindaji, anakimbia, na mwishowe anawageukia mbwa wao na kupigana nao kwa pembe zake. Yeyote aliyewahi kuchunga au kuwinda atasadiki kwamba maneno haya yametoka kwa mtu aliyeona kwa macho yake. Kasida yaishia kwa kujisifu yeye na kabila lake: ukarimu wao, mishale ya bahati waliyopigia kura ngamia wa kuchinja, na subira yao katika njaa na vita.

Pengine utauliza, malenga mwenyewe alipenda mashairi ya nani? Jambo hili pia limesimuliwa. Siku moja katika uzee wake alipita mbele ya baraza la watu akitembea kwa fimbo, wakamtuma mtu amwulize ni nani mshairi bora wa Waarabu. Akamtaja Imru al-Qais, mwana wa mfalme aliyetangatanga. Alipoulizwa nani anafuata, akamtaja Tarafa, kijana aliyeuawa angali mbichi. Alipoulizwa tena, akasema wa tatu ni mwenye fimbo hii, yaani yeye mwenyewe. Hakujinyima haki yake, wala hakujiweka juu ya waliomtangulia. Hivyo twajua ya kwamba alikuwa msikivu mwema wa mashairi ya wenzake kabla ya kuwa mtungaji wa yake.

BARAZANI MAKKA

Sasa twafika katika kisa ambacho twakuomba ukizingatie sana. Ilikuwa kiasi cha mwaka 615, Mtume Muhammad s.a.w. akiwa bado Makka, na Waislamu wakiteswa. Hadhrat Uthman bin Maz'un r.a. alikuwa amerudi kutoka Uhabeshi, akaingia Makka chini ya hifadhi ya mkuu mmoja wa Makureshi, Walid bin Mughira. Lakini alipoona ndugu zake Waislamu wanapigwa na yeye anatembea salama, aliona haya. Akamwendea Walid, akamrudishia hifadhi yake mbele ya watu, akisema kwamba hifadhi ya Mwenyezi Mungu yamtosha.

Kutoka hapo akaenda kukaa katika baraza la Makureshi, na siku hiyo mgeni wao alikuwa Labid, ambaye alikuwa bado mshirikina, akiwasomea mashairi yake. Labid akatamka nusu ya ubeti wenye maana ya kwamba kila kitu isipokuwa Mungu ni batili. Uthman akasema, amesema kweli. Labid akaendelea na nusu ya pili, yenye maana ya kwamba kila neema haina budi kutoweka. Hapo Uthman akasema, amekosea, kwani neema ya Peponi haitatoweka milele.

Labid aliudhika. Hakuzoea kukatizwa, akawauliza Makureshi tangu lini mgeni wao anavunjiwa heshima hivi. Mtu mmoja akamwambia asijali, kwani huyo ni mmoja wa wapumbavu walioacha dini ya wazee wao. Uthman akamjibu mtu yule, na maneno yakazidi, mpaka mtu yule akainuka na kumpiga Uthman jichoni hata likavilia damu. Walid, aliyekuwa karibu, akamwambia kwamba jicho lile lingalisalimika kama angalibaki katika hifadhi yake. Uthman r.a. akamjibu kuwa hata jicho lake zima linatamani kupatwa na yaliyompata mwenziwe katika njia ya Mungu.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya baraza ile. Malenga mkubwa wa Waarabu amesema neno kubwa, lakini amelisema nusu. Ameona kwamba dunia yapita, kama alivyoyaona mahame ya jangwani. Bali nyuma ya mahame hakuona kitu. Akatokea mtu asiye na hifadhi ya yeyote, akamkamilishia ukweli ule, na akalipia kwa jicho lake. Hadhrat Uthman bin Maz'un alifariki Madina miaka michache baada ya Hijra, akawa Mhajiri wa kwanza kuzikwa katika makaburi ya Bakii. Hakuiona siku ambayo Labid mwenyewe alisilimu.

Na jinsi gani Mtume s.a.w. alivyokuwa mwadilifu! Katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, imepokewa kutoka kwa Hadhrat Abu Huraira r.a. ya kwamba Mtume s.a.w. aliisifu nusu ile ya kwanza ya ubeti wa Labid kuwa ndilo neno la kweli kupita yote yaliyowahi kusemwa na mshairi. Katika Hadithi hiyohiyo alimtaja pia Umayya bin Abis-Salt wa Taif, ambaye mashairi yake yalimtaja Mungu sana, akasema huyo alikaribia kuwa Mwislamu. Basi yupo aliyekaribia mlango na asiingie, na yupo aliyeonekana yu mbali kisha akaingia.

MSIBA NA KUSILIMU

Kusilimu kwa Labid hakukuwa kwepesi, maana ukoo wake ulikuwa na uadui mkali na Uislamu. Ami yake, Abu Baraa, ndiye aliyetoa ahadi ya kuwalinda wahubiri waliotumwa na Mtume s.a.w. mwaka wa nne wa Hijra, na binamu yake, Amir bin Tufail, ndiye aliyeivunja ahadi ile, wakauawa wahubiri wale pale Bir Mauna. Baadaye Amir huyohuyo alikuja Madina pamoja na Arbad, nduguye Labid kwa mama. Walikuwa wamepatana kwamba Amir amshughulishe Mtume s.a.w. kwa mazungumzo, naye Arbad ampige kwa upanga. Mwenyezi Mungu akamlinda Mtume Wake. Arbad hakuweza kuinua mkono. Wakiwa njiani kurudi, Amir alipatwa na uvimbe wa tauni shingoni akafa katika nyumba ya mwanamke mmoja mgeni, na Arbad akapigwa na radi, yeye na ngamia wake.

Labid alimpenda sana Arbad. Alimlilia kwa mashairi ya maombolezo ambayo wajuzi wa Kiarabu wanayahesabu miongoni mwa bora ya namna yake. Hapa palikuwa na hatari kubwa kwa roho yake. Mtu aliyefiwa na ndugu katika hali ile angaliweza kuifanya huzuni yake kuwa chuki, na ulimi wake ulikuwa silaha tayari. Lakini Labid hakushika njia hiyo. Yapata mwaka wa tisa wa Hijra, yaani mwaka 630 au 631, wajumbe wa kabila lake walipofika Madina, yeye naye alisilimu, akarudi kwao akiwa Mwislamu. Mtu aliyetamka zamani kwamba kila neema yatoweka, sasa aliamini katika neema isiyotoweka.

SURA YA KURANI BADALA YA KASIDA

Waislamu walipoujenga mji wa Kufa katika Iraki mwaka 17 Hijriya (638), Hadhrat Labid alihamia huko, akakaa huko mpaka mwisho wa maisha yake. Katika ukhalifa wa Hadhrat Umar r.a., aliyetawala mwaka 634 mpaka 644, Khalifa alimwandikia liwali wa Kufa, Mughira bin Shuuba, awaulize washairi wa mji ule wametunga nini tangu waliposilimu.

Liwali alimwita kwanza Aghlab wa kabila la Ijl. Huyo akajibu kwa majivuno kuwa yuko tayari kutoa mashairi ya namna yoyote inayotakiwa. Kisha akaitwa Labid. Alipofahamishwa kwamba hayatakiwi ya zama za ujahiliya bali ya zama za Uislamu, alirudi nyumbani, akaiandika Sura Al-Bakara katika karatasi, akaja nayo. Akasema kwamba Mwenyezi Mungu amempa hii badala ya mashairi. Liwali akampelekea Khalifa habari hizo. Hadhrat Umar r.a. akapunguza dirham 500 katika posho ya Aghlab na kuziongeza katika ile ya Labid, ikawa 2,500. Aghlab alipolalamika kwamba amepunguziwa kwa sababu ya kutii amri, Khalifa alimrudishia zake, na Labid akaachiwa nyongeza yake.

Wasimulizi wengi wanasema kwamba baada ya kusilimu hakutunga ila ubeti mmoja, nao wanahitilafiana ni upi. Wachunguzi wengine wanaona kwamba baadhi ya mashairi yake yenye mawaidha huenda yalitungwa baadaye. Lakini hata wakihitilafiana katika hesabu ya beti, hawahitilafiani katika jambo lenyewe: malenga aliyezoea kusikilizwa na wafalme alichagua kuwa msomaji.

Hapa usije ukadhani kwamba Uislamu unakataza ushairi. Mwishoni mwa Sura Ash-Shuaraa, ambayo ni sura ya 26, Kurani Tukufu yawalaumu washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda, kisha yawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu sana. Hadhrat Hassan bin Thabit r.a. aliwekewa mimbari katika msikiti wa Mtume s.a.w. ili autetee Uislamu kwa mashairi. Hata sisi wasemaji wa Kiswahili tumerithi tenzi nyingi zinazoanza kwa jina la Mungu na kuishia kwa dua. Hadhrat Labid hakuacha mashairi kwa kuwa ni haramu. Aliyaacha kama fundi wa taa anavyoizima taa yake jua linapochomoza. Yeye aliyejua uzito wa kila neno la Kiarabu, alipoisoma Kurani Tukufu, alitambua kwa ujuzi wake mwenyewe kwamba haya si maneno ya fundi mwenziwe. Ushahidi wa mtu wa namna hii una thamani kubwa kuliko sifa za watu elfu wasioijua lugha.

KILICHOBAKI NA KUTAKASWA

Lakini si kila kitu cha zamani alikiacha. Katika zama za ujahiliya alikuwa ameweka nadhiri kwamba kila upepo wa mashariki ukivuma, upepo wa baridi na njaa, atachinja na kuwalisha watu. Nadhiri hiyo aliitimiza pia katika Uislamu. Siku moja upepo ulivuma katika Kufa naye hana kitu. Liwali wa wakati huo, Walid bin Ukba, akawaambia watu juu ya mimbari wamsaidie Abu Akil, ambalo ndilo jina la heshima la Labid, akampelekea ngamia 100 pamoja na beti za kumsifu. Kwa desturi ilipasa kujibu kwa beti. Mzee akamwambia binti yake ajibu yeye, kwani yeye mwenyewe ameacha. Binti akatunga shukrani nzuri, na mwishoni akamwomba liwali arudie tena ukarimu wake. Mzee akasema kwamba amefanya vyema, isipokuwa ameomba. Binti akajibu kuwa kuwaomba wafalme si aibu. Mzee akacheka moyoni, akamwambia kuwa kwa jibu hilo amezidi kuwa mshairi.

Hadhrat Labid aliishi umri mrefu sana, akafariki Kufa yapata mwaka 661, mwanzoni mwa utawala wa Muawiya. Alipoona ajali imekaribia, alimwusia mwana wa nduguye asipige makelele ya kilio. Alimwagiza aandae masinia yake mawili yaleyale aliyozoea kulishia watu, ayapeleke msikitini, na imamu akiisha kutoa salamu awakaribishe watu wale. Wakiisha kula, ndipo awaambie waje wamzike ndugu yao. Na binti zake wawili aliwausia wasijikwaruze nyuso wala kunyoa nywele kwa ajili yake, kama walivyofanya wanawake wa ujahiliya.

Basi, ndugu msomaji, rudi katika swali letu la kwanza. Aliacha nini Hadhrat Labid? Aliacha kejeli, fahari ya ukoo na sifa za watu. Alibaki na nini? Alibaki na ukarimu wake, ukawa sasa ni ibada. Na alipewa nini? Alipewa Kitabu ambacho hakuchoka kukisoma mpaka mwisho wa umri wake. Wewe uliyekwisha kuingia katika Uislamu, usiyahuzunikie uliyoyaacha nyuma. Na wewe unayechunguza bado, usiogope. Mwenyezi Mungu hamwondolei mtu kitu kwa ajili Yake ila humpa kilicho bora zaidi.

Mwenyezi Mungu atujalie kuipenda Kurani Tukufu kama alivyoipenda mja Wake huyu, na atufanye miongoni mwa wale ambao neema yao haitatoweka. Amin.